Mzee mwenye presha apande boti, ila aandaliwe

Ikifika Novemba hapa Same, wagonjwa wangu wa presha na kisukari huanza kuniletea swali ambalo sikufundishwa chuoni. Watoto wanajiandaa kurudi Upareni kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko, na siku hizi wengi hawaridhiki kumletea mzazi kitenge na mfuko wa sukari tu. Wanataka wampeleke Zanzibar, akaione bahari akiwa bado na macho ya kuiona. Tiketi za boti zimeshalipwa, nyumba ya wageni imepatikana, mama ameshona gauni jipya. Ndipo mmoja wa watoto, mara nyingi yule aliyebaki nyumbani akimhudumia, anasema, "Mama ana presha, haendi popote." Ugomvi ukishakolea, unaletwa mezani kwangu: "Daktari, tuamulie wewe."

Basi naamua hapa gazetini, labda itapunguza foleni. Mwenye presha anaweza kwenda. Mwenye kisukari anaweza kwenda. Mwenye moyo dhaifu anayetumia dawa zake vizuri na kupanda ngazi za kanisani bila kuhema, naye anaweza. Wapo wachache nitakaowazuia, nitawataja baadaye, lakini kumnyima mzee safari kwa sababu tu ana kadi ya kliniki ni kumwongezea ugonjwa wa pili, wa kukaa ndani akisubiri kufa.

Mkitaka mfano, tazameni wenzetu. Januari 2024 meli kubwa ya kitalii iitwayo Norwegian Dawn ilitia nanga Dar es Salaam na Zanzibar ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Abiria wa meli za namna hii, pamoja na zile zinazozunguka wiki nzima upande wa magharibi wa bahari ya Mediterania, leo Barcelona, kesho Marseille, keshokutwa Genova au Palermo, wengi ni watu waliostaafu. Wana presha kama mama yako. Wana sukari, wana magoti mabovu, wengine wanasukumwa kwenye viti vya magurudumu. Hawakungoja wapone ndipo wasafiri. Tofauti yao na sisi ni kwamba safari yao imepangwa pamoja na ugonjwa wao, na ndani ya meli yupo daktari.

Hoja ninayoisikia sana kutoka milimani, Mbaga, Vudee na Chome, ni kwamba mtu aliyezoea baridi ya juu akishuka pwani presha itapanda kwa sababu "hewa ni nzito". Hewa ya pwani ina oksijeni nyingi kuliko ya chini ya kilele cha Shengena, na moyo haulalamikii hilo. Kinachobadilika ni joto. Mwili ukipata joto, mishipa ya damu hutanuka na jasho hutoka, kwa hiyo presha ya mtu anayemeza dawa mbili au tatu inaweza kushuka badala ya kupanda. Mzee anaamka usiku kwenda chooni, anasimama ghafla, anaona giza, anaanguka. Kwenye safari za pwani naogopa nyonga iliyovunjika kwenye vigae vya bafu kuliko presha kupanda.

Hatari nyingine inaanza kabla ya bahari, nayo ni basi. Kutoka Same hadi kituo cha Magufuli pale Mbezi ni zaidi ya kilomita 400, na wazee wetu wameshajitungia dawa yao ya safari: hawanywi maji tangu jana yake, na asubuhi wanaruka ile dawa inayowakojoza. Ukimuuliza baba sababu, anakwambia basi halisimami. Ana tezi dume, anahitaji choo kila saa, na kondakta ametangaza dakika kumi za kuchimba dawa Korogwe ambazo yeye na fimbo yake hazimtoshi hata kufika mlangoni. Kwa hiyo anafika Dar es Salaam amekauka, miguu imevimba, na dawa ya moyo hajaimeza. Mtu aliyekaa saa saba bila kunywa maji wala kunyoosha miguu yuko kwenye hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu, na donge hilo likipanda kwenye mapafu linaua. Nawaomba wenye mabasi kitu kidogo sana: tangazeni dakika ishirini, na mzee ashuke wa kwanza. Hili ni jambo la afya kama lilivyo jambo la adabu.

Ninyi watoto nanyi, msimtoe mzee kwenye basi usiku na kumpandisha boti alfajiri. Alale Dar es Salaam usiku mmoja, anywe maji, ale, arudie ratiba ya dawa zake. Ile dawa ya kukojoza asiiache kwa uamuzi wake, aje tumpangie. Mara nyingi tunaweza kuisogeza, aimeze jioni mapema baada ya kufika badala ya asubuhi kabla ya kupanda basi.

Sasa boti. Safari ya Dar es Salaam hadi Unguja kwa boti za mwendo kasi ni kama saa mbili, na saa mbili hizo zinaweza kuwa tamu au chungu kutegemea upepo. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Kaskazi ya Desemba na Januari nayo ina mawimbi yake. Kati ya pepo hizo mbili, Oktoba na Novemba, bahari kwa kawaida hutulia zaidi. Kama likizo yako inaruhusu kuchagua, mchagulie mzazi miezi hiyo.

Kichefuchefu cha baharini ni kile kile cha gari. Sikio la ndani linauambia ubongo kwamba mwili unayumba. Macho yaliyotazama simu au kiti cha mbele yanauambia umetulia. Ubongo unapata taarifa mbili zinazopingana, na tumbo linalipa. Kwa hiyo aliyetapika kwenye Noah ikishuka kona za Mbaga ajue na boti itamsumbua, ajiandae. Akae katikati ya chombo, ghorofa ya chini, ambako kuyumba ni kudogo. Atazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Simu ibaki mfukoni. Ale kidogo kabla ya safari, kitu kikavu. Tumbo tupu kabisa halisaidii, na chapati tatu na supu hazisaidii pia.

Mtaniuliza habari ya tangawizi, kwa sababu wilaya hii ndiyo nyumbani kwa tangawizi ya Mamba Miamba na tunaiamini kwa kila kitu. Ushahidi wake ni mzuri zaidi kwa kichefuchefu cha wajawazito. Kwa wasafiri wa baharini matokeo ya tafiti hayakubaliani. Kikombe cha chai ya tangawizi hakina ubaya, na mimi mwenyewe hunywa. Ila anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze kumeza unga wake kwa vijiko bila kutuuliza.

Dawa za dukani ndizo zinazonipa wasiwasi. Kijana anaingia duka la dawa, anaomba "ya kutapika", anapewa promethazini, anampa baba wa miaka 75. Dawa hii inafanya kazi, hasa ikimezwa saa moja au mbili kabla ya safari na si baada ya kuanza kutapika. Lakini kwa mzee huleta usingizi mzito na kuchanganyikiwa, humkausha kinywa, na kwa mwenye tezi dume inaweza kufunga mkojo kabisa. Nimewahi kumpokea mzee wa namna hiyo, amerudi kutoka matembezi ya siku tatu, kibofu kimejaa hadi kitovuni. Mwenye presha ya macho naye iko hatari kwake. Ukitaka kumpa mzazi dawa ya kichefuchefu, muulize kwanza daktari anayemjua.

Kwa mwenye kisukari kutapika kuna jambo jingine. Amemeza glibenklamaidi au amejidunga insulini asubuhi, halafu chakula kimetoka chote baharini. Dawa inaendelea kushusha sukari isiyokuwapo. Akianza kutoka jasho la baridi, kutetemeka, kuongea maneno yasiyoeleweka, familia inadhani ni kichefuchefu tu, inamwacha alale. Msimwache alale. Apimwe sukari kama mna kipimo. Kama hamna, mpeni soda ya kawaida au maji yenye sukari anywe kidogo kidogo, ilimradi anaweza kumeza, na boti ikifika mpelekeni hospitali. Mjini Unguja ipo Mnazi Mmoja, kaskazini Kivunge, kusini Makunduchi. Andikeni majina haya kabla hamjaondoka, na wenye bima waulize mapema kadi yao inapokelewa wapi huko.

Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mzee mwenyewe, si kwenye begi linaloingizwa buti la basi au kurundikwa na mizigo ya boti. Machi 2024 ile ile Norwegian Dawn iliondoka São Tomé ikawaacha abiria wanane waliochelewa kurudi, na vyombo vya habari viliripoti kwamba miongoni mwao walikuwamo waliokuwa na dawa zao za kila siku zimebaki melini. Kama hilo limewapata wenye meli ya kifahari, begi lako la Shekilango ni nani? Beba dawa za wiki moja zaidi ya siku ulizopanga. Insulini isikae kwenye jua wala kwenye buti la basi. Kitambaa chenye unyevunyevu ndani ya mfuko unaopitisha hewa kinasaidia njiani.

Chakula nisikizungumzie sana, watu wazima wanajua kunawa mikono. Ila meli hiyo hiyo, Februari 2024, ilizuiwa kutia nanga Mauritius kwa hofu ya kipindupindu baada ya abiria kadhaa kuharisha. Vipimo vilionyesha hakikuwa kipindupindu, lakini inaonyesha tumbo linavyoweza kuharibu safari ya maelfu. Pakiti chache za ORS ni nyepesi kubeba. Na mkipewa nyama ya kasa, kataeni, hata kama mwenyeji wenu anacheka. Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila, na wengine zaidi ya sabini walilazwa. Sumu yake haiondoki kwa kupika.

Kuna woga mmoja nisioudharau. Bado watu wanakumbuka Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na Skagit iliyozama karibu na Chumbe Julai 2012, katikati ya kusi. Mwaka huo huo wa 2012, mwezi Januari, Costa Concordia, meli ya kitalii ya hiyo Mediterania ya magharibi, iligonga mwamba kisiwani Giglio nchini Italia, wakafa watu 32. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda jioni ile ile na hawajaonyeshwa namna ya kujiokoa. Baada ya hapo sheria ya kimataifa ilibadilishwa: mafunzo hayo yafanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Nasi tudai hivyo hivyo kwenye kila chombo chetu. Wakati jaketi la kujiokolea linaonyeshwa, acheni kupiga picha. Mvalisheni mzee mlione kama linamtosha, kwa sababu vidole vyenye baridi yabisi haviwezi kufunga kamba zile gizani. Na chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, shukeni. Tiketi mtanunua nyingine.

Nani basi abaki nyumbani kwa sasa? Aliyepata shambulio la moyo au kiharusi wiki chache zilizopita. Anayepata maumivu ya kifua akiwa amekaa tu. Anayeshindwa kulala chali kwa sababu ya kukosa pumzi. Mwenye kidonda cha mguu cha kisukari kinachotoa usaha; mchanga na maji ya bahari si mahali pake. Na yule ambaye presha yake inasoma 180 kwa 110 au zaidi kila tukimpima. Huyo wa mwisho simnyimi safari, namwahirishia, na mara nyingi mwezi mmoja wa dawa zinazomezwa kila siku unatosha kumrudisha kwenye orodha ya wanaokwenda.

Ndiyo maana nawasihi msije kliniki siku moja kabla ya basi, na mama amevaa gauni jipya tayari. Nikibadilisha dozi siku hiyo, matokeo yake yatajulikana akiwa katikati ya maji. Njooni wiki nne kabla, na dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na zile alizopewa na jirani.