Riwaya Haikuandikwa kwa Ajili ya Mtihani

Wengi waliopita sekondari wanaikumbuka riwaya kwa sura ya maswali: taja dhamira nne, jadili wahusika, fafanua tamathali za semi. Mtihani ukiisha, kitabu anakirithi mdogo mtu, au karatasi zake zinafungia maandazi. Hiyo ni hasara kubwa. Anayesoma kwa hiari yake, bila kalamu ya kupigia mistari, huona mambo ambayo mtihani hauyaulizi.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikazua kelele na kuzuiwa shuleni kwa muda. Darasani Rosa hugeuzwa onyo: binti aliyepotoka. Lakini mtu mzima akiirudia riwaya hiyo, hasa akiwa naye ameshalea, macho humwangukia Zakaria, baba mtu. Pombe imemshinda, ila fimbo anaiweza. Anamcharaza bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Nyumbani kwao Rosa hakufundishwa namna ya kuishi na wanaume, alifundishwa kuwaogopa. Siku anapokuwa mbali na fimbo ya baba, hana kingine cha kumlinda. Msomaji wa namna hii hamalizi kitabu akimlaani Rosa. Anamaliza akijiuliza yeye mwenyewe anaongeaje na wanawe.

Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, inabebwa na mgomo wa kweli wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar uliotokea mwaka 1948. Msomaji wa kawaida anaweza kusema bila woga kwamba mazungumzo ya siasa yanarefuka mahali fulani. Ana haki hiyo. Huyo huyo ndiye atakayeganda kwenye ukurasa wa kuli anayefia kazini, kisha amwone mtoto wa marehemu, Rashidi, naye akienda kubeba mizigo ile ile.

Kisha ipo Vuta N'kuvute ya mwandishi huyo huyo, iliyofanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Mabishano mengi huwa ni juu ya Yasmin: alikosea kumkimbia Raza, mume mzee aliyeozwa, au alijiokoa? Swali ni zuri, ila lipo jingine. Jamaa zake walipomfungia mlango, nani alimfungulia? Ni Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, Zanzibar, asiye na mali wala undugu naye. Bila chumba cha Mwajuma, Yasmin asingekuwa na pa kuanzia.

Maoni ya aina hii hayahitaji shahada ya fasihi. Watu wanaoweza kubishana kuhusu Simba na Yanga kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu wanaweza pia kubishana juu ya Zakaria na Mwajuma. Mwenye nakala ya zamani kabatini aitoe, asome kurasa kumi leo usiku, kisha kesho amweleze mwenzake kilichomkera na kilichomgusa.