Gari halili oili, linavuja

Pita kituo chochote cha daladala kabla jua halijachomoza. Boneti iko juu, dereva kashika dumu la lita 5, anamimina oili kwa kukadiria, kijiti cha kupimia hakijaguswa. Muulize kulikoni. Atakujibu kwa upole kwamba gari hili "linakula oili kidogo", kama mzazi anayemsemea mwanawe mlafi.

Injini inayokula oili ipo. Utaijua kwa moshi wa buluu unaotoka nyuma, hasa ikiwashwa asubuhi, kwa sababu oili imepenya hadi kwenye silinda na inaungua pamoja na mafuta. Lakini magari mengi tunayoambiwa yanakula hayali chochote. Yanavuja, na ushahidi uko chini, kwenye doa ambalo konda amelikanyaga mara kumi tangu alfajiri. Neno "kula" limetusaidia sana kuikwepa gereji.

Maoni yetu ni kwamba kuongezea si kutengeneza, na tunaanza na breki kwa sababu huko kuongezea kunaua.

Mafuta ya breki hayaungui kama petroli. Yamefungiwa ndani ya mfumo: ukikanyaga pedali yanasukuma na tairi linashikwa, ukiachia yanarudi. Kikopo chake kikipungua, sababu ni mbili tu. Ama pedi zinalika, na hapo kiwango hushuka polepole kwa miezi, ama mafuta yanatoka nje. Ya tatu haipo. Dereva anayeongeza mafuta ya breki kila wiki anajua, hata kama hataki kujua, kwamba kuna paipu au silinda ya tairi iliyokwisha. Ainame achungulie upande wa ndani wa matairi. Atakuta ulowevu wa rangi ya mafuta ya alizeti, au wa kahawia kama yamezeeka. Unateleza vidoleni kama oili, ila unatoka kwa maji matupu, na ukidondokea rangi ya bodi unaibabua.

Magari madogo mengi yana breki zilizogawanywa njia mbili, ili moja ikivuja nyingine ibaki. Ni ubunifu mzuri, lakini kwetu umezaa ushujaa wa kijinga. Pedali inazama, dereva anapampu mara mbili, tatu, gari linasimama, anacheka na safari inaendelea. Kisha tunasoma gazetini kwamba gari "lilifeli breki" kwenye mteremko wa Kitonga.

Tuwe wa haki: si kila ajali ya mteremkoni inatokana na kuvuja. Wapo wanaoshuka nyutro ili kuokoa dizeli, mguu umeganda kwenye breki hadi zinatoa harufu. Wapo pia waliosahau mafuta ya breki humo kwa miaka. Mafuta hayo hufyonza unyevu. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzijoto 205, ikishalowana inaweza kuchemka kwenye 140 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inakwenda hadi sakafuni. Malori makubwa nayo hutumia upepo, hivyo hayaachi doa. Huko ukaguzi ni wa sikio na geji. Yote hayo ni kweli. Lakini doa lililokuwa kwenye tairi tangu Jumatatu, likaongezewa mafuta Jumanne na Alhamisi, Ijumaa halina haki ya kuitwa ghafla.

Kujua kinachovuja hakuhitaji mashine. Kipande cha boksi chini ya injini usiku, na asubuhi unasoma. Maji safi yasiyo na harufu, upande wa abiria wa mbele, baada ya safari ya kiyoyozi, ni maji ya AC, na kwa joto la Dar es Salaam yanapaswa kudondoka. Fundi anayekutoza kwa hilo muage. Maji ya waridi au ya kijani, yanayonata kidogo na kunukia utamu, ni kulanti ya rejeta. Yafute upesi, kwa sababu paka na mbwa huyaramba na yana sumu ya kuua. Doa jekundu la mafuta ni la gia boksi ya otomatiki au la usukani wa pawa. Toyota nyingi za zamani hutumia mafuta ya aina moja huku na huko, kwa hiyo rangi haitoshi. Angalia wapi pamepungua. Jeusi ni oili ya injini. Likiwa nyuma, zito na la kunuka vibaya, ni difu. Ukisikia harufu ya petroli usiwashe gari wala kiberiti, na anayevuta sigara asogee mbali. Sabuni ya mche inayosiliba tangi la mafuta ni ya kukufikisha gereji ya jirani. Tumeona zilizokaa hadi zikapata ufa.

Rangi ikishajulikana, kazi ngumu inabaki: chanzo. Oili hushuka kwa uzito wake na hupeperushwa nyuma na upepo wa mwendo, hivyo inakodondokea si lazima iwe ndiko inakotokea. Wenye magari wengi huliwa hapa. Gasketi ya kava la juu ya injini imekauka, oili inateremka nyuma ya injini na kudondoka pale injini inapokutana na gia boksi. Fundi mwenye haraka anachungulia chini, anatangaza kwamba sili ya nyuma ya krankshafti imekufa, anashusha gia boksi nzima, analipwa ufundi wa siku mbili. Doa linarudi wiki ijayo. Fundi makini huosha injini kwanza, anakuambia uendeshe siku moja au mbili, kisha anatazama kwa tochi kuanzia juu kushuka chini. Kama wako hakuosha, hajui anachofungua.

Rejeta nayo ina imani yake potofu. Madereva wengi wanaamini kulanti ni ya nchi za baridi, na sisi wa jua kali maji ya bomba yanatutosha. Ni kweli hatuna barafu. Tuna kutu. Kulanti huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima chenye chumvi hufanya kinyume, yanakula wota pampu na kuziba vijishimo vya rejeta. Rejeta ikianza kuvuja, wengine huvunja yai bichi humo ndani ili liive na kuziba tundu. Hakika linaziba, pamoja na njia ambazo hukutaka zizibwe. Gari likichemka, zima injini, subiri lipoe kabisa. Kifuniko kinachofunguliwa kwa haraka kinarusha maji yenye joto kupita 100 usoni, na hospitali zinawajua watu hao. Ukivuta kijiti cha oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na sababu inayoongoza ni gasketi ya silinda hedi kuungua. Hapo usiwashe tena. Ita wa kukuvuta.

Kwa nini basi madereva wanaojua haya yote wanatembea na dumu? Kwa sababu ya hesabu. Tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake ya siku kila jioni, na siku ya gereji nayo ni siku. Dereva akilaza gari kubadilisha silinda ya tairi, kesho anadaiwa mara mbili au anasikia kwamba yupo mwingine anayeitaka kazi. Dumu la oili linagharimu pesa kidogo leo. Gereji inagharimu kibarua. Kumlaumu dereva peke yake ni rahisi mno, na tumekuwa tukifanya hivyo kila baada ya ajali.

Tunamwambia tajiri waziwazi: wewe ndiye mwenye gasketi ile. Na askari wa usalama barabarani anayetoa stika ya Nenda kwa Usalama, akishatazama taa na matairi, aliombe gari lisogee hatua tatu mbele, kisha atazame pale lilipokuwa limesimama. Hata mwendesha bodaboda atanufaika, maana mvua ya kwanza ikinyesha juu ya oili iliyomwagika kwenye mzunguko wa barabara, yeye ndiye wa kwanza kulala chini.

Pendekezo letu kwa matajiri ni dogo, na tunajua litapingwa. Siku moja kila mwezi gari lilale gereji juu ya shimo, injini ikiwa imeoshwa, fundi chini na tochi yake. Siku hiyo hesabu iwe sifuri, na kesho yake asidai mtu.