TAHARIRI: Zawadi Isitufiche Sharti

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Miongoni mwa mambo ambayo Waislamu huyaingia leo bila kuuliza hukumu yake ni kadi za mkopo za maduka makubwa, hasa huko Marekani, waliko ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki. Muislamu hufika kwa keshia, akaambiwa achukue kadi ya duka ili apunguziwe bei siku hiyo hiyo. Hutia saini akaondoka na bidhaa zake, ilhali mkataba wa deni aliousaini hakuusoma.

Ni wajibu kwanza kuufahamu mkataba huo. Benki inayoshirikiana na duka humlipia mnunuzi, kisha humtumia taarifa ya deni. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inalazimisha taarifa hiyo itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa. Akilipa deni lote kwa wakati, kwa kawaida hatozwi ziada. Akibakisha, hutozwa riba. Na mwaka 2024 wastani wa riba ya kadi za maduka nchini humo ulivuka asilimia 30 kwa mwaka.

Tupige hesabu. Mtu amenunua vitu vya dola 500, akapata zawadi ya asilimia 5, yaani dola 25. Deni likikaa kwa riba ya asilimia 30 kwa mwaka, hutozwa kiasi cha dola 12 na nusu kila mwezi. Kwa miezi miwili zawadi yote imekwisha, na deni lingalipo. Zipo pia kadi zinazotangazwa kuwa "bila riba kwa miezi 12", lakini deni lisipomalizika ndani ya muda huo, riba huhesabiwa tangu siku ya ununuzi.

Wapo wasemao kuwa wao hulipa kwa wakati, basi riba haiwahusu. Lakini fiqhi hutazama pia sharti lililokubaliwa. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika azimio lake namba 108 lililotolewa Riyadh mwaka 2000, ilikataza kutumia kadi ya mkopo iliyoshurutishwa riba, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa ndani ya muhula. Baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wamelegeza kwa mwenye haja ya kweli na uhakika wa kulipa. Lakini punguzo la bei ya nguo na sufuria si haja. Na katika hadithi ya Jabir iliyopokewa na Imamu Muslim, laana ya riba haikumwishia mlaji, bali imemfikia hata mwenye kuitoa.

Dini yetu haikutufungia mlango. Majmaa hiyo hiyo, katika azimio namba 139 la Muscat mwaka 2004, iliruhusu kadi inayotumia fedha za mwenyewe zilizoko katika akaunti, na haikuona ubaya katika manufaa ya halali kama punguzo la bei. Chukueni mfano wa duka la Target, lenye makao makuu Minneapolis, mji wenye Waislamu wengi wa asili ya Afrika Mashariki. Kadi yake hutolewa kwa mkopo, na pia kwa kukata fedha moja kwa moja benki. Punguzo la asilimia 5 ni lile lile kwa zote mbili. Mwenye kuchagua ya pili hakukosa punguzo, na amesalimika na sharti la riba.

Basi ndugu Muislamu, soma masharti kabla ya saini, na uulize kama ipo kadi isiyo ya mkopo. Uliyekwisha kuingia, lipa deni lote kisha uifunge kadi. Nasi tulio nyumbani tusiwalemee jamaa zetu kwa maombi yanayowasukuma kwenye madeni hayo.

Wabillahi tawfiq.