Pasipoti Haina Ukurasa wa Dini

Jumamosi ya tarehe 28 Januari 2017, katika Jengo D la uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth, Texas, watu waliokwenda kupokea mama zao, waume zao na wajomba zao waliambiwa wasubiri. Wageni walikuwa wamefika, viza zao zilikuwa halali, ila walikuwa wameshikiliwa ndani. Siku moja kabla, Rais Donald Trump alikuwa ametia saini amri iliyowazuia raia wa Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen kuingia Marekani. Ukumbi ukajaa mawakili na mabango, na Waislamu wakaswali jamaa papo hapo uwanjani. Walioshikiliwa walipoachiwa, Meya wa Dallas, Mike Rawlings, aliwaomba radhi. Uwanja wa ndege wa Bush jijini Houston nao ulikuwa na waandamanaji wake.

Amri haikutaja Uislamu popote. Lakini tarehe 7 Desemba 2015, akiwa bado mgombea, Trump alikuwa ametaka Waislamu wote wazuiwe kuingia Marekani. Mwezi mmoja kabla yake, Seneta Ted Cruz, mkazi wa Houston, alishasema Wakristo wa Syria wapokewe na Waislamu wa huko wapelekwe nchi nyingine. Gavana wa Texas, Greg Abbott, aliwakataa wakimbizi Wasyria wa dini zote, jimbo likaenda mahakamani Dallas, na jaji akakataa kuwazuia.

Mwenye nyumba ana haki ya kumuuliza anayebisha hodi kuwa ni nani. Hilo silibishi. Na si kweli kwamba dini haijawahi kuulizwa mlangoni. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unaitaja miongoni mwa sababu za mtu kupewa hifadhi, na mwaka 1989 Bunge la Marekani liliwarahisishia njia Wayahudi na Wakristo wa kiinjili kutoka Umoja wa Kisovieti. Myazidi aliyekimbia Sinjar, Iraq, mwaka 2014 hawezi kueleza habari yake bila kutaja imani yake. Ila hapo afisa anauliza: umetendwa nini kwa sababu ya dini yako? Anauliza habari ya jeraha. Pendekezo la Cruz na Trump linaigeuza dini ileile kuwa kosa, na mtu anahukumiwa nayo kabla hajafungua kinywa.

Halafu afisa ataijuaje? Pasipoti ina jina, tarehe ya kuzaliwa na picha. Mpe pasipoti ya Rehema Juma wa Tabora: huyo anaweza kuwa mwanakwaya wa Kilutheri, au hajati aliyerudi Makka mwaka jana. Neema na Baraka ndiyo usiseme. Kwetu majina yalishachanganyika zamani, na familia nyingi zina shangazi wa msikitini na mjomba wa kanisani wanaokula pilau moja.

Afrika Mashariki imeshaona watu wakipangwa kwa dini, na waliowapanga hawakuwa maafisa. Katika chuo kikuu cha Garissa, Kenya, Aprili 2015, wapiganaji wa al-Shabaab waliwatenganisha wanafunzi hivyo, na waliouawa siku ile walikuwa 148. Desemba 21 mwaka huohuo, wiki mbili tu baada ya tamko la Trump, al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera na kuwataka abiria Waislamu wajitenge. Waislamu waligoma. Wanawake walivua hijabu walizokuwa nazo wakawavika wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwakinga, akafariki mwezi uliofuata. Simfananishi afisa wa viza na muuaji. Ninachotazama ni zile hijabu. Dini inayosomwa kwa nje huazimwa ndani ya dakika moja.

Kwa kuwa dini haisomeki, amri ikavaa kanzu ya uraia. Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ililikubali toleo la tatu la amri hiyo, majaji 5 kwa 4, wengi wakisema maneno yake hayabagui dini. Ni hoja ya kisheria yenye miguu, lakini aliyesimama Jengo D hakuhitaji wakili kumfafanulia. Kanzu ya uraia nayo haichagui wa kumfunika: Januari 2020 Tanzania iliongezwa kwenye orodha, na raia wake wakafungiwa bahati nasibu ya grini kadi, mlei wa Moshi sawa na maalimu wa Pemba.

Houston ilishawahi kuusikia mjadala huu kwa sura nyingine. Septemba 12, 1960, John F. Kennedy aliwakabili wachungaji wa Kiprotestanti katika Hoteli ya Rice, kwa kuwa wengi walihofu Mkatoliki akiwa rais atapokea amri kutoka Roma. Miongoni mwa waliohubiri dhidi ya jambo hilo alikuwa W. A. Criswell wa Kanisa la First Baptist, Dallas. Kennedy aliwakumbusha kwamba Wabaptisti wenyewe walishawahi kuteswa kwa imani yao. Leo Mkatoliki wa Texas hashukiwi na mtu. Shuku ilihama nyumba.

Wakongomani wengi walioletwa Houston, Dallas na Fort Worth kama wakimbizi ni Wakristo. Walishuka wakiwa na ule mfuko mweupe wa plastiki wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) kifuani, karatasi zote ndani, na Kiswahili cha Uvira au Fizi mdomoni. Kwa kipimo cha Cruz, hao ndio wageni wa kufunguliwa mlango kwanza. Lakini Januari 20, 2025 Trump aliamuru mpango mzima wa wakimbizi usimamishwe, safari zilizokwishapangwa zikafutwa. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 zilitengwa nafasi 7,500, nyingi za Makaburu wa Afrika Kusini. Wanakwaya Wakongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, wamebaki na mafaili yao, na hakuna aliyewauliza wanasali wapi.