Zahanati isiingizwe katika ugomvi wa koo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu jambo ambalo wazee wetu hulipita kimya kila wanapokaa kusuluhisha koo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wilayani Tarime. Huku kwetu, na kwa ndugu zetu wa Serengeti pia, mapigano ya koo si hadithi. Mwaka 2009, Wanchari na Warenchoka walipopigana, nyumba zilichomwa moto na watu wakapoteza maisha. Baada ya mapigano hufanyika mikutano, ikajadiliwa mipaka na ng'ombe walioibwa. Zahanati haitajwi.

Zahanati hujengwa kijiji kimoja ikahudumia vijiji kadhaa. Koo zikigombana, inageuka mali ya ukoo wa pale ilipo. Nikiwa mwanafunzi nilimwona jirani yetu aliyepigwa mshale akifichwa ghalani siku mbili, kwa kuwa zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, kwa "maadui". Alifariki. Siku hizo hizo vijana wenye mapanga waliingia katika zahanati hiyo wakimtaka muuguzi awatolee majeruhi waliyedhani amelazwa humo. Dada yule, mgeni kutoka mkoa mwingine, aliwakatalia. Kesho yake alifunga mizigo akaondoka, na simlaumu hata kidogo. Watoto wa pande zote mbili walikaa miezi bila chanjo. Je, nani alishinda hapo?

Wanasheria watasema mapigano ya koo si vita. Sawa. Lakini hata vitani ipo sheria. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 1962, inaagiza majeruhi atibiwe bila kujali ni wa upande upi, na hospitali isishambuliwe. Sisi Wakurya tumetoa askari wengi tangu enzi za KAR, na wapo wazee waliokwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Hao hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza maana ya msalaba mwekundu.

Wenzetu wa Kongo wameyaona madhara yake. Tarehe 19 Aprili, 2019, watu wenye silaha walivamia hospitali mjini Butembo wakamwua Dkt. Richard Mouzoko, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani kupambana na ebola. Ugonjwa huo haukukomeshwa mpaka Juni 2020, ukiwa umeua watu zaidi ya 2,200.

Nawaomba wazee wa inchama, na wote wanaoitisha ritongo, waliweke jambo hili katika mapatano yao: mtu asiingie na silaha katika uwanja wa zahanati, muuguzi asiulizwe ukoo wa mgonjwa, na njia ya kwenda huko isifungwe. Polisi nao waangalie suala la PF3. Mwenye jeraha la panga atibiwe kwanza, karatasi ifuate, maana wengine hufia nyumbani kwa kuiogopa.

Mke wangu ametoka ukoo wa upande wa pili, na sasa ni mjamzito wa miezi saba. Mapigano yakizuka usiku akashikwa na uchungu, sijui nimkimbizie upande gani.

Mwalimu wa Kijiji,
Tarime, Mara.