Ajali Kazini Ina Kinga

Waajiri wengi katika Kitale na Bungoma hujificha nyuma ya msemo mmoja, kwamba ajali haina kinga. Kibarua akikatwa vidole na mkanda wa mashine ya kupukuchua mahindi, hukimbizwa hospitalini, hununuliwa dawa, jamaa zake hupelekewa gunia la mahindi, na shauri huhesabiwa kuwa limekwisha. Sisi tunasema halijakwisha. Kwa mujibu wa sheria, wajibu wa mwajiri ulianza kabla mashine haijawashwa.

Sheria ya kale ya viwanda, yenye mizizi katika amri ya kikoloni ya 1950, ilitungwa kwa ajili ya viwanda. Mwaka 2007 Bunge liliifuta na kupitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayohusu kila mahali pa kazi, pawe pa muda au pa kudumu. Kwa hiyo uwanja wa kupukuchulia mahindi katika Trans Nzoia wakati wa mavuno ni mahali pa kazi, sawa na kiwanda cha sukari cha Nzoia. Ndivyo ilivyo pia kwa kinu cha kukamulia miwa ya sukari guru kijijini, na mashine ya kusaga unga sokoni.

Tumezisikia hoja za waajiri, na yatupasa kuzijibu.

Wanasema, huyu ni kibarua tu, hana barua ya ajira. Sheria ya Ajira ya 2007 inautambua mkataba wa mdomo sawasawa na ule wa maandishi. Aliyeitwa alfajiri na kuahidiwa ujira wa jioni ameajiriwa.

Wanasema, alijitakia kwa uzembe wake. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, yasema kuwa hata utovu wa makusudi wa mfanyakazi hauondoi haki ya fidia, iwapo ajali imeleta kifo au ulemavu mkubwa.

Wanasema, usalama ni gharama. Basi na tupige hesabu. Fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, yaani miaka 8. Kifuniko cha wavu wa chuma juu ya mkanda, na bomba la kufunika mhimili unaozunguka kati ya trekta na mashine, hutengenezwa na fundi wa kuchomelea vyuma papa hapa mjini. Ni mwajiri gani mwenye akili timamu atakayekataa kununua kifuniko ili aje kulipa miaka 8?

Wala asitegemee kukwama kwa sheria mahakamani. Chama cha Wanasheria kilipinga vifungu kadhaa vya sheria ya fidia, na Mahakama Kuu ikavibatilisha baadhi yake mwaka 2009. Mahakama ya Rufani ilitengua sehemu kubwa ya uamuzi huo mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakata shauri: sheria ni halali, na madai yaanzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Katika miaka hiyo yote ya mabishano, mikanda haikuacha kuzunguka.

Mwajiri anatakiwa afanye nini? Afunike kila sehemu ya mashine inayozunguka. Amfundishe mfanyakazi kabla ya kumkabidhi kazi. Ampe mnyunyizaji dawa glavu na kinga ya uso. Akate bima. Akiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, aunde kamati ya usalama. Kifo kikitokea, afisa wa usalama wa eneo aarifiwe katika muda wa saa 24. Na anayeonya juu ya hatari asifukuzwe kazi kwa sababu ya kusema kweli.

Serikali nayo isikae kitako. Wakaguzi wafike mashambani wakati wa mavuno, badala ya kungoja ripoti ya kilio. Serikali za kaunti, ambazo ndizo zinazotoa leseni za biashara, zisimpe leseni mwenye mashine isiyofunikwa.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Haki hiyo haisubiri uchaguzi. Msimu wa mavuno ukifika, wananchi wenzetu, tuulize katika kila uwanja: kifuniko kiko wapi?