Kitenzi Kimoja, Vijineno Vingi

Wazazi wametuuliza kwa nini mtoto anayeijua maana ya “wash” hukosea akiulizwa “wash up”. Kiingereza hukiambatanisha kitenzi na kijineno, na kijineno hicho ndicho kibebacho nusu ya maana, pengine yote. “Wash up” kwa Mwingereza ni kuosha vyombo baada ya chakula. Kwa Mmarekani ni kunawa mikono na uso. “Clean out” ni kutoa vilivyomo kabatini kisha kusafisha ndani. “Wipe off” ni kupangusa doa mezani, ilhali “wipe out”, ikisemwa juu ya watu, ni kuwaangamiza!

Kiswahili kimejitosheleza kwa njia nyingine. Mchele tunaupepeta, unga tunauchekecha, mboga tunazichambua, mkeka tunaukung'uta. Kila kazi ina kitenzi chake. Na kilichobandikwa hubanduliwa, kwa mnyambuliko mdogo tu uliokigeuza kitendo. Basi mwana aliyezoea utajiri huo hukitafuta kitenzi, akakipuuza kijineno.

Shuleni hasara yake ni alama chache. Nyumbani ni nzito zaidi, kwani dawa nyingi za kusafishia huja na maelezo ya Kiingereza. “Wash off” yaamuru kwamba dawa iliyogusa ngozi iondolewe kwa maji mpaka ishe; aonaye “wash” pekee aweza kudhani kuwa ni dawa ya kuogea. Tunawasihi wazazi wayasome maelezo hayo pamoja na wana wao, chupa ingali imefungwa.